Uzoefu Wangu wa Kupanda Ngome ya Lamu

Nimeishi Lamu kwa zaidi ya miaka arobaini, na muda wote huo nimekuwa nikipita mbele ya ngome nikielekea sokoni au gatini, lakini juu ya paa lake sikuwahi kufika hata mara moja hadi mwezi uliopita, nilipomchukua mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu aliyekuja likizoni kutoka Malindi. Si kwamba ni mbali. Kwetu sisi tuliozaliwa kabla ya mwaka 1984, ngome haikuwa mahali pa kwenda kutembea. Ilikuwa jela tangu mwaka 1910, na marehemu bibi yangu alipotaka kutunyamazisha alitutajia "kule ndani" kisha akanyamaza mwenyewe, nasi tukaelewa. Hata baada ya wafungwa kuondolewa na jengo kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa, miguu yangu iliendelea kupita bila kusimama.

Kosa la kwanza la siku hiyo lilikuwa langu. Tulifika saa sita na nusu, jua likiwa utosini, ingawa mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye baraza alikuwa ametuonya: "Yuwa kali, mwanangu, ngoja lipungue." Tulikata tikiti (mwananchi hulipa pungufu kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo ni vyema kubeba kitambulisho), tukapanda moja kwa moja, na baada ya dakika tano tukarudi chini tukiwa tumefumba macho kwa mwanga uliokuwa ukitupiga kutoka kwenye kuta. Tukaamua kumalizia adhuhuri katika ua wa ndani na vyumba vya chini.

Uamuzi huo uligeuka kuwa heri. Ua wa katikati uko wazi juu, umezungukwa na nguzo nene, na upepo wa bahari huingia humo kwa utulivu ambao huwezi kuupata katika vichochoro vya nje saa kama hiyo. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukiweka kiganja juu yake mahali palipobanduka lipu utahisi vitundu vidogo vidogo vya viumbe wa baharini waliolifanya jiwe lile. Mpwa wangu alivihesabu kwa kidole mpaka akachoka. Dari zimebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, nami nikamweleza jambo ambalo mafundi wetu hulijua bila kufundishwa, yaani kwamba boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba, kwa kuwa mti wa mkoko una kikomo chake, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba. Maktaba iliyomo humo ndani, yenye vitabu na kumbukumbu za Lamu na mashairi ya Kiswahili, tuliipitia haraka kuliko inavyostahili, kwa sababu mtoto alikwisha kusikia kuwa kuna paa na hakuwa na nafasi ya jambo jingine.

Tulipanda tena baada ya saa tisa na nusu. Ngazi ni za mawe, na mwenye magoti mabovu apande taratibu akiwa amevaa viatu visivyoteleza, si ndara kama nilizovaa mimi.

Nilikuwa nimewahi kupanda jengo la KICC jijini Nairobi, lililokamilika mwaka 1973, lenye ghorofa 28 na urefu wa takriban mita 105, na nilisimama kileleni nikaona jiji zima mpaka vilima vya Ngong. Sina ubaya wa kusema juu ya mandhari ile. Lakini kule juu binadamu alikuwa nukta, na sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya upepo na honi za mbali. Paa la ngome yetu lina kimo ambacho bado unamtambua mtu kwa mwendo wake. Nilimwona muuza samaki ninayemdai, nikamwona na yeye akichagua kichochoro kingine.

Upande wa mashariki, mlango wa bahari ulikuwa umetulia, na ng'ambo yake kisiwa cha Manda kikiwa kimezungukwa na mikoko. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, kwa nini walijenga ngome mbali na maji? Adui akija si atakuwa ameshashuka?" Swali zuri. Nilimjibu kwamba ngome haikuhama, bali bahari ndiyo iliyosukumwa. Ilipojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya Vita vya Shela ambapo Waamu, yaani watu wa Lamu, waliwashinda watu wa kisiwa cha Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, kisha wakatafuta himaya ya Seyyid Said wa Oman, ilikuwa inatazamana na maji. Ardhi ya mbele ilijazwa baadaye, yakajengwa majumba, na leo gati kuu liko kama mita 70 kutoka hapo. Ukiwa chini, habari hii ni ya kuambiwa tu, lakini juu ya paa unauona kwa macho mstari wa nyumba za mbele uliokaa kati ya ngome na pwani kama mgeni aliyekuja kuketi mbele ya mwenye nyumba.

Kwa upande wa mji, jambo la boriti lilijieleza lenyewe, maana mapaa yote yamepangika kwa vipande vyembamba. Tuliona wikio zikiunganisha nyumba juu ya vichochoro, moshi ukitoka katika kidari cha meko, yaani jiko la juu, cha nyumba moja, matangi ya plastiki, nguo zilizoanikwa. Hapa sina budi kuwaomba wanaobeba kamera wajizuie. Nyumba za Lamu zilijengwa zikiupa mgongo mtaa ili wenyewe wapate sitara, na paa ni sehemu ya ndani ya nyumba kama kilivyo chumba cha kulala. Elekeza kamera yako baharini.

Adhana ya Alasiri ilitukuta huko juu. Ulianza msikiti mmoja, ukafuata mwingine, kisha upande wa mtaa wa Langoni ukajibu, na kwa muda mfupi sauti zilikuwa zikipandana bila kugongana. Nimeisikia adhana hiyo maisha yangu yote nikiwa ndani ya vichochoro, ambako msikiti wa jirani huimeza misikiti mingine.

Watu waliporudi kutoka kuswali, bao likafunguliwa katika uwanja wa Mkunguni, chini yetu kabisa. Mzee mwenye kofia ya vito alikuwa amekwama, mkono wake ukining'inia juu ya ubao. Mpwa wangu, ambaye kwao Malindi hucheza na babu yake, akainama kwenye ukingo akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Si aanzie lile shimo la pembeni!" Mzee akainua kichwa. "Ewe kijana, basi ndoo uteze wewe!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mtoto naye akacheka zaidi kwa hilo neno "uteze", ambalo kwa Kiamu ni "ucheze", kuliko kwa aibu. Nikamwambia ameitwa na mkubwa, hivyo hana njia ila kushuka. Tukashuka, akatoa shikamoo, akapishwa kwenye mkeka, na kete zake zikawa zimeliwa zote kabla ya adhana ya Magharibi.