Bastola ya mtutu mfupi: uzoefu wangu wa miaka minne Unguja

Kazi yangu ni kununua mwani mkavu kwa wakulima wa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, na kuufikisha mjini kwenye ghala la msafirishaji. Wakulima wengi ni akina mama, baadhi yao wakiwa katika kilimo hiki tangu kilipoanza kibiashara mwaka 1989, na kwa miaka mingi wamedai, tena kwa haki, walipwe fedha taslimu pale pale mzigo unaposhuka kwenye mizani. Mwani huvunwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, kisha huanikwa kwa siku chache. Kwa hiyo mtu yeyote anayejua kuhesabu mwezi aliweza kukadiria siku ambayo gari yangu ingepita Kitogani, njiani kuelekea pwani, ikiwa na fedha. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika kwenye maombi yangu ya kumiliki silaha, na ndiyo inayonifanya niandike tathmini hii, kwa kuwa wafanyabiashara wenzangu huniuliza kama rivolva ndogo, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, inafaa kwa safari za namna yetu na jibu la sentensi moja haliwatoshi.

Utaratibu wa kibali sitaueleza kwa urefu. Silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwangu mimi safari ilianzia kwa sheha wa shehia yangu, ikapanda polisi ngazi kwa ngazi, nikahojiwa juu ya mwenendo wangu, biashara yangu na mahali ambapo silaha italala. Ilichukua miezi mingi, nami sikuona ubaya wowote katika hilo, kwa sababu mtu asiyeweza kusubiri miezi kadhaa bila kupandwa na hasira hafai kukabidhiwa kitu hiki.

Silaha yenyewe ni Smith & Wesson Model 60, niliyoinunua kwa muuzaji mwenye leseni baada ya kutumiwa na mtu mwingine. Inatokana na ukoo wa rivolva ndogo ambao kampuni hiyo ya Marekani iliuanzisha mwaka 1950 kwa bastola iliyoitwa Chiefs Special. Kabla ya hapo, aliyetaka mtutu mfupi alikuwa na Colt Detective Special ya mwaka 1927, ambayo hubeba risasi sita, lakini silinda ya risasi sita ni nene na huonekana chini ya nguo. Ukoo huu una chemba tano, yaani matundu matano ya risasi kwenye silinda, na ile risasi moja iliyopunguzwa ndiyo inayoifanya ikae mfukoni bila kutuna. Model 60 ilitolewa mwaka 1965 ikiwa rivolva ya kwanza kuundwa kwa chuma kisichoshika kutu, na kwa mtu anayeshinda ufukweni sifa hiyo ilinivutia kuliko nyingine zote. Mtutu una inchi 1⅞, yaani chini kidogo ya sentimita 5, na uzito wake ikiwa tupu unazidi kidogo nusu kilo. Yangu ni ya zamani, hupokea risasi aina ya .38 Special peke yake. Zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1996 hupokea pia .357 Magnum, ila kwa jinsi hii niliyonayo inavyopiga teke, sikuwahi kutamani risasi yenye nguvu zaidi katika umbo dogo kama hili.

Nije sasa kwenye jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Bastola hii ni rahisi kuibeba na ni ngumu sana kuitumia vizuri, na watu wengi huinunua wakidhani kwamba kwa kuwa ni ndogo basi ni ya kuanzia. Siku yangu ya kwanza ya shabaha, kwa umbali wa mita 7, nilifyatua risasi tano na mbili tu ndizo zilizoingia ndani ya duara lenye ukubwa wa sahani ya wali. Mkufunzi wangu, askari mstaafu aliyenizidi umri kwa miaka ishirini na zaidi, hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba kilengeo cha mbele na kile cha nyuma viko karibu mno, kwa hiyo kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye karatasi. Na kwamba kifyatulio hudai nguvu inayokaribia kilo 5 na nusu kwenye chombo chenye uzito wa nusu kilo, hivyo kabla risasi haijatoka mkono umekwisha kukisogeza chombo chenyewe. Mpini wa mbao ulikuwa mfupi, kidole cha mwisho kikabaki hewani, na baada ya risasi 30 kiganja kilikuwa kimewaka moto.

Model 60 ina nyundo (kipande kinachoigonga risasi ili ilipuke) inayoonekana kwa nje, na ukiivuta nyuma kwa dole gumba kifyatulio kinakuwa chepesi mno. Nilipojaribu hivyo karatasi yangu ilipendeza ghafla, nikafurahi. Mzee yule akanisimamisha. "Mwanangu," aliniambia, "ukiizoesha mikono yako kuivuta nyundo, basi siku ya hofu utaivuta, na kidole kinachotetemeka hakitakungoja uamue." Tangu siku hiyo sijaivuta tena, na ninaamini ushauri huo una thamani kuliko silaha yenyewe. Rivolva hii haina kizuizi cha kufunga kwa mkono. Uzito wa kifyatulio ndio usalama wake, na anayeuondoa uzito huo kwa hiari yake amebaki na kitu cha kulipuka mkononi.

Kilichonisaidia ni mazoezi makavu. Baada ya kuhakikisha mara mbili kwamba chemba zote tano ni tupu na risasi ziko chumba kingine, husimama mbele ya ukuta wa mawe, nikaweka sarafu juu ya mtutu na kuvuta kifyatulio polepole mara 20 bila sarafu kuanguka. Rivolva ya namna hii haiharibiki kwa kufyatuliwa tupu. Ilinichukua takriban miezi sita kufikia hali ya kuziweka risasi zote tano ndani ya sahani kwa mita 7. Kwa mita 15 mpaka leo sijiamini, na sitasema vinginevyo ili kumpendeza mtu.

Ina mengine mazuri ambayo ningeyakosa kwenye bastola ya magazini, ile inayohifadhi risasi kwenye kasha ndani ya mpini. Risasi ikigoma, huna cha kuvuta wala kugonga. Unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine. Kujua kama ina risasi ni jambo la kufungua silinda na kutazama. Lakini fimbo ya kusukumia maganda ni fupi kama mtutu wenyewe, kwa hiyo maganda hayatoki yote mpaka uielekeze juu na kuipiga kwa kiganja, na kupakia upya risasi tano moja moja ni kazi ya polepole hata kwa mtu aliyetulia. Kwangu mimi rivolva hii ina risasi tano, basi. Mpango wowote unaohitaji ya sita umekwisha kuharibika. Mgeni wa silaha hii ajue pia kwamba kati ya silinda na mtutu pana mwanya mwembamba unaotoa gesi ya moto kila risasi inapotoka, kwa hiyo kidole cha mkono wa pili hakipaswi kukaribia hapo kabisa.

Suala la kuibeba lilinipa taabu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu karibu kila ushauri niliokutana nao ulikuwa wa watu wanaovaa mikanda mipana na makoti mazito. Mimi huvaa kanzu nusu ya siku zangu. Mfuko wa kanzu ni mlegevu, na nusu kilo ya chuma ndani yake huning'inia na kupiga paja kila hatua, na kila mtu barazani anajua kuna kitu. Nikajaribu kuivaa kiunoni ndani ya suruali, chini ya kanzu. Kwa kusimama haikuonekana, lakini kwenye rukuu mpini ulichomoza mgongoni, nami nilijisikia vibaya kusimama kwenye safu pembeni ya wazee nikiwa katika hali ile. Nimejiwekea kanuni ambayo siivunji: silaha haiingii msikitini. Siku za mjini inabaki kwenye sefu. Siku za shamba, sala ya Alasiri ikinikuta njiani na fedha ikiwa garini, husali kando ya gari, na rivolva huwa kwenye mfuko wa mbele wa suruali ndani ya ala ngumu ya ngozi inayofunika kifyatulio chote. Ala hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kununua. Bila yake, funguo au kalamu iliyomo mfukoni inaweza kuingia kwenye kifyatulio, na mfuko wenyewe utaiachia silaha igeuke juu chini.

Hapo ndipo nilipolijua kosa langu la uchaguzi. Ile nyundo ya nje, ambayo sikuitumia kamwe, ilinasa kwenye ushonaji wa mfuko mara tatu nilipokuwa nikiitoa ili niirudishe kwenye sefu, na mara ya tatu ilinichania suruali. Zipo ndugu zake zenye nyundo iliyofichwa ndani ya mwili wa silaha, kama Model 640 ya chuma na Model 642 yenye mwili wa aloi ya alumini, ambazo zimeundwa kwa ajili ya mfuko. Ningekuwa naanza leo ningechukua 640. Ile ya alumini ni nyepesi zaidi, karibu gramu 415, lakini kila gramu iliyopungua hulipwa na kiganja kwa teke kubwa zaidi.

Na sasa chumvi. Maneno "chuma kisichoshika kutu" niliyaamini mno. Baada ya msimu mmoja wa kusi, ambapo upepo hutoka baharini moja kwa moja na kila kitu huwa na unyevu unaonata, nilikuta vidoa vya rangi ya chai kwenye kichwa cha skrubu ya pembeni na chini ya mpini ambako jasho hukusanyika. Chuma hicho huchelewa kushika kutu, lakini kikiachwa hushika. Sasa huifuta kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila nirudipo kutoka pwani, na mara moja kwa mwezi huuvua mpini wote. Mchanga mweupe wa Paje ni mwembamba kama unga na huingia hata kwenye ala. Chembe chache chini ya kile kipande chenye umbo la nyota kinachosukuma maganda zinatosha kuifanya silinda iwe nzito kuzunguka, na silinda ikiwa nzito kifyatulio nacho huwa kizito. Maganda ya shaba ya risasi hugeuka kijani yakikaa mfukoni, kwa hiyo zile tano ninazozibeba huziondoa kila mwaka na kuzimaliza kwenye shabaha.

Nyumbani nina watoto wanne. Mama watoto hakuipinga silaha, ila aliweka sharti siku ile ile ilipoingia. "Baba Nassir, ufunguo wa sefu ukae kwenye mwili wako. Usiuweke kwenye droo, wala juu ya kabati." Ufunguo huo uko shingoni kwangu mpaka sasa, na sefu imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Namshukuru kwa kulisema kabla sijalifikiria mwenyewe.

Katika miaka minne sijawahi kuitoa kwa ajili ya mtu. Usiku mmoja tu, nikirudi mjini baada ya Magharibi, karibu na msitu wa Jozani, watu watatu walisimama katikati ya barabara wakipunga tochi. Mkono wangu ulishuka mfukoni kabla ya fikra, na niligundua kwamba nikiwa nimeketi, mkanda wa gari ukiwa umenibana na kanzu ikiwa chini yangu, nisingeweza kuitoa hata kama ningetaka. Watu wale walikuwa wakitutahadharisha juu ya ng'ombe aliyegongwa na kulala njiani. Mmoja wao alikuja dirishani akaniamkia na kuniomba niwamulikie kwa taa za gari wakimvuta pembeni, nami nikashuka kuwasaidia huku nikihisi uzito ule mfukoni kwa namna ambayo sikuwahi kuuhisi. Kesho yake nilinunua kisanduku chenye kufuli nikakifunga chini ya kiti cha gari. Silaha husafiri humo ninapoendesha, na safari zangu zimerudi kuwa za mchana: niwe nimevuka Tunguu kabla jua halijatua.

Kilichopunguza hatari yangu kuliko kitu chochote ni simu. Vikundi vingi ninavyonunua kwao sasa hukubali malipo ya simu kwa sehemu kubwa ya mzigo, na fedha taslimu ninazobeba hazifiki robo ya zile za zamani. Mwenzangu anayeniuliza humshauri aanze huko, kisha ajihesabie kama bado ana haja ya silaha. Akiwa nayo, na yuko tayari kufanya mazoezi kila wiki, rivolva ya chuma yenye nyundo ya ndani itamfaa. Asiyetaka mazoezi nitamwambia wazi aiache.

Nimekwisha kubadilisha mpini wa mbao kwa wa mpira unaojaza kiganja, na tofauti yake kwenye shabaha ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Maombi ya kubadilisha silaha nimeyapeleka polisi mwezi uliopita, na mpaka yatakapojibiwa Model 60 inalala kwenye sefu, ikitoka kwa siku mbili tatu baada ya kila bamvua.