Saa ya mkononi ya Casio A158W niliyoibadilisha ifanane na redio kaseti ya baba: uzoefu wangu wa miezi minane

Baba alikuwa na redio kaseti ya National, na kwenye karatasi ya kila kaseti aliandika namba kwa kalamu ya bluu: 000, 112, 247. Zilikuwa namba za kile kidude cha tarakimu tatu kilichokuwa kikizunguka karibu na mlango wa kaseti. Ukitaka wimbo wa bendi ya Sikinde aliourekodi kutoka Radio Tanzania, unarudisha utepe mpaka 112, unabonyeza, magitaa yanaanza. Tarakimu zile ndizo nilizozitaka mkononi.

Nilichagua A158W kwa sababu mashine yake, namba 593, ndiyo ile ile ya saa nyingine ya Casio, F-91W, iliyotoka mwaka 1989, na mafundi wameizoea. Inatumia betri ya CR2016 inayodumu kama miaka 7.

Mchoro niliuchora mwenyewe, na wa kwanza niliutupa. Nilikuwa nimejaza magurudumu ya kaseti, mistari ya sauti, nyota na rangi nne. Saa ikaonekana kama karatasi ya pipi. Wa pili nilibakiza rangi ya kahawia ya utepe, mstari mmoja wa chungwa chini ya namba, na maneno "Upande A" kwenye kona, madogo sana. Tuliuchapa kwenye stika angavu, tukaukata kwa wembe na kuubandika ndani ya kioo.

Kazi ngumu aliifanya fundi saa mmoja wa Kariakoo. Aliibandua ile filamu ya polaraiza, yaani ya kuchuja mwanga, iliyo juu ya kioo cha namba, akasafisha gundi kwa spiriti, akaweka nyingine akiwa ameigeuza nyuzi 90. Hapo mandhari yakawa meusi na namba zikang'aa. Nyuma yake akaweka filamu ya chungwa. Juani inapendeza mno, kama taa za redio usiku sebuleni. Lakini jioni ndani ya daladala huoni kitu mpaka ubonyeze taa, na hata hiyo inamulika zaidi upande wa kushoto. Ukiitazama kwa pembeni, namba zinafifia.

Niliporudishiwa mara ya kwanza ilikuwa bubu. Kuna springi nyembamba, fupi kuliko punje ya mchele, inayopeleka umeme kwenye kisahani cha mlio kilichobandikwa kwenye mfuniko wa nyuma. Ilikuwa imeruka wakati wa kufungua. Niliumia, maana mlio wa kila saa ndio ulionifanya niipende saa hii. Unanikumbusha vile vimlio vya redio kabla ya taarifa ya habari, nyumba nzima ikinyamaza. Fundi alichukua siku mbili kupata springi kutoka kwenye saa mbovu. Kwa hiyo kabla hujalipa, ingia kwenye sehemu ya kupimia mbio, bonyeza kitufe cha kulia, usikie kwa masikio yako.

Ninachokipenda kuliko vyote hakikunigharimu hata senti. Nimeirudisha saa nyuma kwa saa sita, ikiwa kwenye mfumo wa saa 12, ili isome kama tunavyosema. Jua likichomoza na saa moja ya asubuhi ikafika, inaandika 1:00. Kiingereza chake cha PM sasa kinatokea saa kumi na mbili jioni na kupotea saa kumi na mbili asubuhi, yaani kimekuwa alama ya usiku. Tarehe nayo inabadilika alfajiri, hivyo usiku wa kuamkia Jumatano bado inaonyesha Jumanne. Kwangu mimi huo ndio ubunifu wenyewe, kuliko hata stika.

Ufundi ulinigharimu shilingi 35,000 juu ya bei ya saa. Mkanda wa chuma unang'oa vinyweleo mara moja moja. Maji siyaamini tena baada ya mfuniko kufunguliwa mara mbili, nikioga naivua.

Ya kaka yangu iko kwa fundi wiki hii. Yake imeandikwa "Upande B", na filamu haigeuzwi: namba zitabaki nyeusi juu ya rangi ya chungwa hafifu, kwa sababu yeye anafanya kazi zamu ya usiku.