Gemu za Windows kwenye Steam Deck: zinazogoma zinagomea nini

Karibu kila gemu ninayocheza kwenye Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu kutoka kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, iliandikwa kwa ajili ya Windows, na ndani ya kifaa chenyewe hakuna Windows. Ndiyo maana kila anayekishika huniuliza lile lile: "Zangu nazo zitafunguka?" Mimi humrudishia swali: hiyo gemu yako, ukiacha kuchezwa, inadai nini kingine? Nikizitazama zilizonigomea, ni chache mno zilizoshindwa kwenye mchezo wenyewe. Nyingi zimekwama kwenye vitu vilivyoning'inizwa pembeni: kizinduzi (programu inayotangulia kufunguka kabla ya gemu), video ya utangulizi, kufuli la leseni, programu ya kukamata wadanganyifu.

Ninayotumia ni ile ya mwanzo, yenye skrini ya LCD ya inchi 7 na azimio la 1280 kwa 800, chipu ya AMD yenye kori 4 na RAM ya GB 16. Ilianza kuwafikia wanunuzi Februari 2022, kwa hiyo kwa gemu nzito za leo si farasi wa mbio tena. Mfumo wake ni SteamOS 3, uliojengwa juu ya Arch, mojawapo ya mifumo ya Linux.

Anayefanya kazi ya kuzishawishi gemu zikubali ni Proton, iliyotolewa na Valve Agosti 2018 kwa ushirikiano na CodeWeavers. Moyo wake ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Gemu inapoiambia Windows "nifungulie faili hili", Wine hulidaka ombi hilo na kulitimiza kwa njia ya Linux. Upande wa picha una mafundi wake: DXVK hugeuza amri za Direct3D 9, 10 na 11, njia ya Windows ya kuchora picha, kuwa za Vulkan, njia inayoeleweka kwenye Linux, na VKD3D-Proton hushughulikia Direct3D 12. Hapo katikati hakuna kompyuta ya kuigiza. Msimbo wa gemu unapita moja kwa moja kwenye prosesa, ndiyo maana kasi inayopotea njiani ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Wakati mwingine hata haipotei. Elden Ring ilipotoka Februari 2022, wachezaji wa Windows walilalamika sana kwamba inashtukashtuka. Wahandisi wa Valve waliingiza marekebisho kwenye tabaka la tafsiri, na kwenye Deck mishtuko ikapungua. Tena Steam huleta sheda (programu ndogo za kuchora picha) zilizokwisha kuandaliwa kwa ajili ya kifaa hiki hiki, jambo ambalo kompyuta za kawaida zenye kadi za picha za kila aina haziwezi kulitegemea. Ukiona gemu inapakua kitu kabla ya kufunguka ilhali hakuna toleo jipya, mara nyingi ni hizo. Usiruke hatua hiyo kwa haraka zako.

Kwa gemu za peke yako, basi, sina malalamiko makubwa. Hades inakwenda kama imezaliwa humo. Cyberpunk 2077 ina mpangilio wake maalumu wa Steam Deck ndani ya menyu, ingawa usitarajie muujiza. Gemu nzito mimi huzifunga kwenye fremu 40 kwa sekunde na skrini nikaishusha hadi 40 Hz. Mwendo unakuwa laini kuliko 30, na betri ya Wh 40 haifi mapema kama inavyokufa ukiiacha ikimbizane na 60. Na kile kitufe cha kulaza kifaa! Unakibonyeza katikati ya pigano, unaendelea na shughuli zako, unarudi jioni adui bado kainua panga. Kwangu jambo hili peke yake linatosha kunizuia kuweka Windows humo, ijapokuwa Valve wenyewe wanatoa madereva ya Windows kwa anayetaka.

Sasa alama. Dukani kila gemu hupewa moja: tiki ya kijani kwa iliyothibitishwa, njano kwa inayochezeka, ya kijivu yenye mkato kwa isiyokubali, na zile ambazo hazijapimwa. Wapimaji hutazama mambo manne: vidhibiti, kusomeka kwa maandishi, kufunguka bila maonyo wala vikwazo, na kama mfumo unaibeba. Kijani ninaiamini, ila haimaanishi fremu 60, na mtu asiisome hivyo. Njano ndiyo inayohitaji jicho. Humo ndani mtakuta gemu ambayo kosa lake ni kuonyesha picha ya kitufe cha kibodi mahali pa kitufe A, na mtakuta nyingine ambayo maandishi yake ni madogo kiasi cha kukuumiza kichwa. Zote njano. Fungua maelezo yaliyo nyuma ya alama usome sababu. Mimi nimefurahia gemu nyingi za njano kuliko za kijani.

Kabla ya kununua huwa napitia pia ProtonDB, ambako wachezaji huandika wenyewe yaliyowapata na gemu hupangwa kwa madaraja ya platinamu, dhahabu, fedha na shaba, kisha zile zisizofanya kazi kabisa. Daraja la juu nalitazama kwa haraka tu. Ninachosoma ni ripoti mpya za watu wenye Deck, kwa sababu anayesifia kutoka kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa hajaonja herufi ndogo kwenye skrini ya inchi 7, na ripoti ya miaka miwili nyuma inahusu gemu ambayo imeshabadilishwa mara kadhaa.

Jambo moja huwashangaza wageni: toleo la Linux la gemu si lazima liwe bora. Nina gemu ya mkakati ambayo kampuni yake ilitoa toleo la Linux kisha ikalisahau. Lilikuwa nyuma ya lile la Windows, na nilipojaribu kujiunga na wenzangu mtandaoni, seva ikanikatalia kwa kuwa matoleo hayalingani. Nikaingia kwenye sifa za gemu, sehemu ya upatanifu, nikalazimisha Proton. Ikapakua faili za Windows, ikafunguka, na wenzangu wakanikuta mezani. Hapo gemu ya Windows ilikuwa ya Linux zaidi kuliko ya Linux yenyewe.

Video za ndani ya gemu nazo zina vituko vyake, hasa kwenye gemu za zamani kidogo. Zipo zinazotegemea kodeki (programu za kufungulia video) za Windows ambazo, kwa sababu za hataza, haziwezi kusambazwa hivi hivi na Proton. Valve huzigeuza video hizo upande wao na kukuletea zilizo tayari. Pale ambapo hazijafika, badala ya hadithi unaona mistari ya rangi ya kupimia televisheni. Dawa yangu ni Proton-GE, toleo la jamii lenye viraka na kodeki za ziada, ninaloliweka kwa programu ya ProtonUp-Qt nikiwa kwenye hali ya eneo-kazi. Likisaidia, nalitumia kwa gemu hiyo tu. Zilizo salama na Proton ya kawaida sizigusi.

Onyo hapa, kwa wapenda kujaribujaribu. Gemu zenye kufuli la Denuvo zinaweza kuhesabu kila toleo la Proton unalobadili kuwa ni kompyuta mpya. Ukibadili mara nyingi kwa siku moja unafungiwa nje ya gemu uliyoilipia, ukae ukisubiri hadi kesho.

Vizinduzi ndivyo vinavyonikera kuliko vyote. Unabonyeza "Cheza", badala ya gemu linakuja dirisha la kampuni linalotaka akaunti na nenosiri, herufi kama sisimizi, na kibodi ya skrini (kitufe cha Steam pamoja na X) inaziba kisanduku kile kile unachotaka kujaza. Kimoja wapo kilisasishwa usiku, asubuhi kikawa dirisha jeupe lisilo na kitu, na gemu yenye tiki ya kijani ikawa mateka hadi kilipotengenezwa. Ukisafiri mahali pasipo na mtandao, fungua kwanza gemu za namna hii ukiwa bado na Wi-Fi, uone kama zitakubali hali ya nje ya mtandao.

Na sasa ukuta wenyewe. Mwaka 2021 BattlEye na Easy Anti-Cheat, walinzi wawili wanaotumika sana dhidi ya udanganyifu, walitangaza kwamba wanaweza kufanya kazi na Proton. Sharti ni kwamba mtengenezaji wa gemu aridhie. Elden Ring inatumia Easy Anti-Cheat na mtandaoni inaingia vizuri. Fortnite haijaruhusiwa, na ajabu yake ni kwamba Easy Anti-Cheat ni mali ya Epic, wenye Fortnite. Destiny 2 nayo haikubali. Mbaya zaidi ni kwamba mlango ulio wazi unaweza kufungwa: GTA Online ilipowekewa BattlEye Septemba 2024, watu wa Deck walitolewa nje, wakabaki na hadithi ya peke yako, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo Apex Legends ikafunga Linux yote. Valorant haina hata mjadala, kwani mlinzi wake hukaa kwenye kiini cha Windows, kama askari wa getini anayetaka funguo za vyumba vyote vya nyumba. Nyumba hiyo Linux haina.

Kwa hiyo kama jioni zako ni za kupigana risasi na marafiki kwenye gemu hizo, usinunue kifaa cha Linux kwa matumaini kwamba kuna siku kitasasishwa kikubali. Hapo Proton haina la kutengeneza. Uamuzi uko mezani kwa mwenye gemu.

Gemu za maduka mengine nimezipata kwa programu ya Heroic, inayoshughulikia Epic na GOG. Unaingia kwenye akaunti, unapakua, unaiongeza kwenye orodha ya Steam, basi. Kwa GOG hakuna kizinduzi cha lazima, raha tupu.

Kwa wanaopenda modi (nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji): kila gemu ya Windows hupewa kijumba chake ndani ya folda ya compatdata, chenye drive_c yake na mafaili ya maendeleo yako yakiwa chini ya jina steamuser. Ukifuta gemu, wakati mwingine kijumba hubaki na kula nafasi. Modi zinazokuja kama faili la DLL (kipande cha msimbo wa Windows) huwa hazifanyi kazi mpaka umwambie Wine atangulize la kwako, kwa mfano kuandika WINEDLLOVERRIDES="dinput8=n,b" %command% kwenye chaguo za uzinduzi. Ni mstari mmoja tu, lakini umeniokoa zaidi ya mwongozo wowote mrefu.

Wanaofikiria vifaa vingine, SteamOS si ya Deck pekee tena. Lenovo walitoa Legion Go S yenye mfumo huo mwaka 2025, na wenye ROG Ally, kifaa cha Asus, wengi huweka mfumo wa Bazzite, uliojengwa juu ya Fedora, aina nyingine ya Linux. Nguvu inaongezeka, ila orodha ya gemu zinazogoma inabaki ile ile.

Zangu zilizogoma kabisa nimeziacha kwenye kompyuta yenye Windows, nazirusha hadi kwenye Deck kwa Remote Play kupitia Wi-Fi ya ndani. Mbio za magari zinakwenda bila shida. Za kulenga shabaha zinachezeka, ila uchelewaji unausikia kidoleni kila unapovuta kifyatulio.