Mpira wa kushonwa kwa mkono, namba 5: je, unamaliza msimu wa timu ya chuo Tabora?

Unamaliza, mradi uwe na vipande 32, ganda la PU (ngozi ya plastiki) na bladda, yaani mfuko wa ndani wa upepo, ya butili, na timu iwe na mtu mmoja anayewajibika kuutunza. Ule wa kubandikwa kwa gundi, unaong'aa zaidi pale dukani, ni mpira mzuri wa kuchezea kwenye nyasi. Ukipata mechi uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, utoe. Kwa mazoezi ya kila jioni kwenye uwanja wa chuo usio na nyasi, ni hasara.

Tatizo ni ardhi yetu. Kiangazi kikishakolea, uwanja unakuwa mgumu chini na mchanga juu, na ule mchanga unalila ganda kama msasa. Kwenye mpira wa kubandikwa, jua linalegeza gundi, chembe zinaingia ukingoni mwa kipande, kona inanyanyuka. Ikishanyanyuka, kazi imeisha: ukiirudishia kwa gundi ya viatu, ikikauka inakuwa ngumu, upande mmoja unazidi uzito, na krosi inayumba hewani. Wa kushonwa ukifumuka, fundi viatu anaurudishia kwa uzi wa nailoni na kesho yake unachezeka.

Mpira huu una vipande 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano, mistari 90 ya mshono, na kona 60 ambapo vipande vitatu vinakutana. Kona hizo ndizo huachia kwanza. Kabla ya kulipa, ujazwe upepo, kisha bonyeza kwa kidole gumba kwenye kona kadhaa; uzi ukionekana, rudisha. Mipira mingi ya namna hii hushonwa Sialkot, Pakistan, lakini jina la mji kuchapwa kwenye ganda lisikutoshe. Pima. Sheria za soka zinataka mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Futi ya fundi cherehani na mizani ya duka la jirani vinatosha kabisa. Mpira mwepesi kuliko hapo mara nyingi umepunjwa bitana ndani, na mpira wenye bitana chache huvimba upande mmoja na kuwa kama yai. Wa kushonwa kwa mashine uache kwa mazoezi ya watoto.

Upepo ndio unaoua mipira mingi kuliko mateke. Sheria inaruhusu shinikizo la atmosfia (karibu sawa na bar) 0.6 hadi 1.1. Kwa uwanja mgumu, jaza 0.7 au 0.8 na usizidishe. Mpira uliojazwa 0.8 asubuhi kwenye nyuzijoto 20, ukiachwa juani hadi ganda lifike 45, unapanda kufika karibu 0.95. Uliojazwa 1.1 unapita 1.25, na hapo mishono yote inavutwa kabla hata haujapigwa. Kwa hiyo mipira ikae chini ya mwembe, si kwenye mstari wa goli. Kukadiria kwa kubonyeza na vidole hakufai. Mkono wa kipa na mkono wa beki havikubaliani hata siku moja.

Sindano ya pampu ikiwa kavu huchana valvu, kile kitundu cha kujazia upepo. Ipake gliserini, inapatikana duka lolote la dawa, kisha iingize wima bila kuizungusha. Mate hukauka haraka na hayalindi valvu.

Halafu mbigili. Mwiba ukiingia, mara nyingi hautoboi siku hiyo. Unabaki kwenye bitana, na kila teke linausukuma ndani mpaka ufike kwenye bladda. Baada ya mazoezi, kila mpira upitishwe mkononi na miiba ing'olewe kwa koleo ndogo. Mpira ukitoboka, fundi anafumua mshono, anaziba kwa kiraka na solushen ya baiskeli, anashona. Hapa ndipo butili inapotupa raha: ni mpira uleule wa tyubu, kiraka kinashika. Bladda ya lateksi ina mdundo laini zaidi, lakini inapoteza upepo upesi na inataka pampu karibu kila siku.

Udhaifu wa kweli wa mpira huu ni masika. Maji hupenya kwenye mishono, unakuwa mzito, na kuupiga kichwa kunaumiza. Bahati nzuri Tabora ni nchi ya asali: nta ya nyuki ikipashwa kidogo na kusuguliwa kwenye mistari ya mshono kabla ya mvua za Novemba, inapunguza sana maji. Ukilowa, ufute, upunguze upepo kidogo, uukaushe kivulini. Ukianikwa juani au karibu na jiko, ganda linapasuka.

Kwa wachezaji 24, mipira minane ya mazoezi inatosha, na miwili iwekwe kando kwa mechi tu. Iandikwe namba kwa kalamu ya wino usiofutika, ili ijulikane upi unapoteza upepo na upi umeshashonwa mara ngapi. Pampu yenye geji na sindano nne za akiba zinunuliwe siku hiyohiyo, kwenye risiti moja na mipira.