Kopo la mafuta ya mgando na vishungi vya kuku wangu

Nina mitetea saba nyuma ya nyumba, na kopo la mafuta ya mgando yasiyo na manukato halikosekani kwenye rafu ya banda mwaka wa pili sasa. Ni yaleyale anayopakwa mtoto mchanga. Wafugaji wengi huyasifu kwamba yanatibu kila kinachoota kwenye kishungi cha kuku, au upanga kama wengine wanavyouita. Mimi nasema yana kazi moja, na kazi hiyo yanaiweza kuliko dawa yoyote niliyowahi kushika.

Kazi yenyewe ni wale viroboto wanaoganda. Jike lake huchimbia mdomo kwenye ngozi ya kuku, akakaa papo hapo siku kwa siku akifyonza damu. Niliwakuta kwenye mtetea wangu Madoa jioni moja. Nilidhani ana mchanga mweusi kuzunguka jicho na kwenye shina la kishungi, nikapitisha kidole, haukutoka. Kwenye mwanga wa tochi nikaona punje za kahawia iliyokolea, zimebanana kama ulezi, na ngozi katikati imevimba. Nikang'oa mbili kwa kibano. Madoa akatikisa kichwa kwa uchungu na tone la damu likabaki. Nikakiweka kibano chini.

Usiku ule nilimviringisha kwenye taulo, kichwa nje, nikapaka kwa kijiti cha pamba mpaka punje zote zikafunikwa. Jichoni nilifuata ukingo wa nje wa kope tu, taratibu sana. Mafuta haya hayana sumu, yanamziba kiroboto pumzi basi. Nilirudia mara mbili, kila baada ya siku moja. Punje zikanyauka, zikaanza kudondoka zenyewe, na wiki ilipoisha ngozi ilikuwa safi, imebaki na alama ndogondogo. Kishungi chake kilichokuwa kimepauka kwa kunyonywa damu kilianza kurudisha wekundu polepole. Nilifurahi mno, maana viroboto hawa wakizidi hupofusha kuku, na kifaranga wanaweza kumwua.

Kasoro zipo. Mchana wa jua kali mafuta hulainika yakateremka kuelekea jichoni, na kuku akioga vumbi anaibuka na kishungi kilichogandiwa udongo. Kwa hiyo paka usiku, akishapanda kwenye kichanja. Tena kopo halimgusi kiroboto aliye chini: mayai hudondoka kwenye maranda na funza wake hukulia humo. Nilizoa maranda yote, nikayachoma, nikafagia hadi kwenye pembe za viota. Bila kazi hiyo ningekuwa napaka mpaka leo.

Sasa niseme nilipokosea. Mtetea mwingine alitoka vinundu vya kijivu kwenye kishungi na ndevu, vikakauka kuwa magamba meusi. Nikadhani ni majeraha ya kudonolewa, nikapaka. Kumbe ndui. Na kidole kilichogusa magamba nikakirudisha kwenye kopo, nikawapaka wengine wawili. Baadaye wote wawili wakaugua. Ndui huenezwa na mbu pia, kwa hivyo siwezi kuapa kuwa ni kidole changu, ila kopo lile nililitupa siku ileile. Ndui haina dawa ya kuiondoa. Magamba hupona yenyewe kwa wiki mbili hadi nne, usiyabandue, na kila siku mfungue kuku mdomo: ukiona utando wa manjano kooni, hali ni nzito, mpigie daktari wa mifugo. Kinga ni chanjo, ile ya sindano ya ncha mbili inayotoboa ngozi nyembamba ya bawa. Ukague baada ya siku 7 hadi 10 kama pametokea uvimbe mdogo. Usipouona, huenda chanjo haikushika.

Kishungi chenye unga mweupe kama kimenyunyiziwa ngano ni ukungu, hutaka dawa ya ukungu, nawe vaa glavu kwa sababu unaweza kukuambukiza. Kilichopauka bila kiroboto hata mmoja, chungulia nyufa za kichanja usiku utafute utitiri mwekundu, halafu fikiria minyoo. Ila kumbuka kuku anayenyonyoka manyoya au aliyeacha kutaga hupauka kidogo, si ugonjwa. Kikigeuka zambarau na kuku amezubaa, usifungue kopo kabisa. Mtenge, mwite daktari siku hiyohiyo.

Nayapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mdomo mpana wa kopo, unaoita vidole. Siku hizi nachota kwa kijiko safi, naweka kwenye kifuniko cha chupa, kuku mmoja kifuniko kimoja, na kinachobaki nakitupa.