Uzoefu Wangu: Siku Niliyokataliwa Kuanza Mazoezi

Nilijiunga na ukumbi mmoja wa mazoezi hapa Dar es Salaam nikiwa na umri wa miaka 46. Tangu nilipoacha kucheza mpira nikiwa kijana, sikuwa nimefanya mazoezi yoyote. Kabla ya kulipa ada ya mwezi, mteja mpya hutakiwa kupimwa afya na uwezo wa mwili kwa shilingi 40,000, na naandika haya kwa sababu ninaamini fedha hiyo ndiyo iliyonifaa kuliko zote nilizolipa pale.

Kazi huanza na fomu ya maswali saba, ambayo asili yake ni Kanada na hutumika katika nchi nyingi. Huuliza kama daktari amewahi kukuambia una tatizo la moyo, kama kifua huuma unapojishughulisha au hata unapopumzika, kama hupata kizunguzungu au kuzimia, kama una tatizo la mifupa au viungo, kama unatumia dawa za presha au moyo, na kama ipo sababu nyingine yoyote ya kukuzuia. Ukijibu ndiyo hata mara moja, unatakiwa kuzungumza na daktari kwanza.

Kasoro kubwa niliyoiona ni kwamba fomu ile ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Mama mmoja wa makamo aliyeketi karibu nami alikuwa ameweka alama ya hapana kwenye maswali yote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Samahani baba, hapa wanataka nini?” Nilimuuliza swali la pili kwa maneno yetu: akipanda ngazi au akibeba ndoo ya maji, kifua humbana? Akajibu kwamba humbana, na kwamba huwa anasimama kidogo hadi kipoe. Kocha alipoelezwa alimwita pembeni, akamwomba aende hospitali kabla ya kurudi. Kama angebaki na fomu yake ilivyokuwa, asubuhi ile ile angepandishwa kwenye mashine ya kukimbilia.

Kwangu mimi majibu yote yalikuwa hapana, na kwa kadiri nilivyojua yalikuwa ya kweli. Kilichonifichua ni kipimo cha presha. Mhudumu wa mapokezi alinipima mara tu nilipomaliza kupanda ngazi za ghorofa ya pili, huku akinisemesha, akapata 168 kwa 104, akaitaja namba hiyo mbele ya wateja wengine. Hilo halikunipendeza hata kidogo. Kocha aliuweka utaratibu sawa: alinikalisha kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu haikupishana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, akapima mara mbili. Ikawa 152 kwa 96. Alinieleza kwa upole kwamba presha ya 140 kwa 90 na kuendelea inahitaji jicho la daktari, na kwamba siku hiyo hataendelea na vipimo vya nguvu, akaniandikia namba hizo kwenye karatasi. Nilikuwa nimeshika fedha za miezi mitatu mkononi, hakuzigusa.

Hospitalini niliagizwa kujipima nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba, nikapimwa sukari, mkojo na umeme wa moyo, kisha nikaanzishiwa amlodipini, dawa ya kushusha presha. Baada ya wiki sita, presha ikiwa 132 kwa 84, nilirudi na barua ya daktari. Kocha alitaka kwanza kujua jina la dawa, na swali hilo lilinipa imani naye. Dawa za kundi la atenololi hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa hiyo anayezitumia hapaswi kupangiwa kasi ya mazoezi kwa ile hesabu ya kutoa umri kwenye 220 ili kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika.

Vipimo vya uzito, urefu na mzunguko wa kiuno vilichukua muda mfupi. Nilichokithamini zaidi ni kile cha kupanda na kushuka benchi la sentimita 30 kwa dakika tatu, mara 24 kila dakika kwa kufuata mdundo, kisha unakaa na mapigo yako yanahesabiwa kwa dakika nzima. Nilipata 131, kiwango dhaifu kwa umri wangu, kwani mapigo yakiwa machache ndiyo bora. Kwa msingi huo nilipangiwa kutembea kwa kasi dakika 20, siku tano kwa wiki, bila kukimbia kwa mwezi wa kwanza. Baada ya wiki 12 tulirudia kipimo kile kile kwenye benchi lile lile, nikapata 114.

Kwa mtu mwenye umri kama wangu ninakipendekeza kituo hiki, ila asikubali kupimwa presha akiwa amesimama mapokezi, na asisaini swali ambalo hajalielewa. Niliwaachia maswali yale saba niliyoyaandika kwa mkono kwa Kiswahili cha kila siku. Wiki iliyopita nimeyakuta yamebandikwa ukutani juu ya meza ya mapokezi, ingawa fomu inayosainiwa bado ni ile ya Kiingereza.