Kamera ya kuanzia kwa wanaorekodi uwindaji, nimetumia Canon HF R800

Wadau, mi nafanya kazi kambi ya uwindaji wa kitalii, msimu wa kwanza nikarekodi nyati kwa simu, mita themanini hivi, ukizumu unaona doa jeusi linatetemeka basi, mgeni akaniuliza sasa nyati yuko wapi hapa. Nikatafuta Canon Vixia HF R800 ya mtumba. Zumu ya lenzi ni mara 32 na hiyo ndo zumu ya kweli, zile namba kubwa za dijitali achana nazo, zinakata picha tu. Haina 4K (ile video kali zaidi), ni 1080p (HD ya kawaida), ila ina tundu la maiki ya nje na kwangu hilo ndo kubwa maana upepo wa porini unameza sauti yote, mi maiki nimeivalisha manyoya kabisa.

Kamera zote za sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), hii ikiwemo, alfajiri zinasumbua, picha inajaa chenga. Na fokasi ya otomatiki ikikutana na majani marefu inang'ang'ania jani, nyati nyuma anabaki ukungu, kwa hiyo weka ya mkono mapema. Tripodi hapana, beba stendi ya mguu mmoja, mwindaji bingwa, yule anayeongoza msafara, akisema twende ni twende.

Mwenye hela aangalie Sony FDR-AX53, ina 4K, zumu mara 20, na lenzi inayotuliza mtikisiko.

Betri beba tatu. Halafu zima ile bipu ya kuanza kurekodi aisee, nyati ana masikio.